Kiolezo Hakiijui Nyumba

Mama mwenye nyumba alikuwa na ndoo ya maji mkononi. Alipanda vidato vinane bila kutazama chini, mwendo mmoja, na alipotaka kukanyaga kipumziko, lile jukwaa la katikati ya ngazi, mguu ukakuta utupu kidogo, kisha ukatua kwa kishindo. Maji yakamwagika.

"Fundi, mbona hapa pana kasoro?"

"Utapazoea, mama."

Ngazi zenyewe ni za mkongo, kwenye nyumba mpya ya ghorofa moja huku Shangani, Mtwara. Mbao nzuri, zimepigwa msasa vizuri, viungo vimebana. Futi kamba ilipofunguliwa, kidato cha kwanza kutoka sakafuni kilisoma mm 210. Saba vilivyofuata vilisoma mm 170 kila kimoja, bila hata nywele ya tofauti. Cha tisa, kile kinachofikia kipumziko, mm 130.

Na ukutani pa karakana, kwenye msumari, kilining'inia kiolezo kilichochorea ngazi hizo. Pembetatu ya plaiwudi: 170 upande wa kimo cha kidato, 280 upande wa kikanyagio, nyuzi 90 zimetimia.

Kiolezo kilikuwa sahihi kabisa.

Hilo ndilo limekaa kichwani mwangu wiki hizi zote. Siku zote tumeambiana kwamba fundi anayekisia ndiye anayeharibu, na anayetumia kiolezo yuko salama. Hapa kuna aliyetumia kiolezo, akakitumia kwa uaminifu, na ngazi zikatoka na kidato cha kujikwaa chini na cha kudondokea juu.

Milimita arobaini zilikwenda wapi

Jibu la haraka mafundi wengi wanalijua. Ukikata mapengo kwenye ubao wa ubavu, ule wa mshazari unaobeba vidato, kila pengo lina kimo cha 170. Halafu juu ya kila pengo unaweka kikanyagio chenye unene wa mm 40. Vidato vya katikati havidhuriki, kwa kuwa kila kimoja kimenyanyuliwa arobaini na jirani yake naye kanyanyuliwa arobaini. Cha kwanza hakina jirani chini yake. Chini yake kuna sakafu, nayo haikunyanyuka. Kinakuwa 210. Cha mwisho kinakabili kipumziko ambacho tayari kipo mahali pake, kwa hiyo kinabaki 130.

Dawa yake ni msumeno mmoja: punguza mm 40 chini ya ubavu, pale unapokaa sakafuni, kabla ya kuusimamisha. Mapengo hayaguswi. Kiolezo hakiguswi.

Lakini unene wa kikanyagio ni nusu tu ya hadithi. Nyumba nyingi zinapimiwa ngazi wakati sakafu bado ni zege tupu. Baadaye anakuja fundi wa vigae na chokaa yake ya kulazia, na sakafu inapanda mm 30 au 35. Akiweka kiasi hichohicho juu pia, jumla ya kimo haibadiliki, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Kidato cha kwanza kimepungua 35, cha mwisho kimeongezeka 35, na jumla inasoma vilevile kama siku ya kwanza.

Kuna na kile kipande kinachowekwa chini ya ubavu ili mti usigusane na zege. Huku kwetu mchwa hawana likizo, na zege la chini hunyonya unyevu masika yote, kwa hiyo kipande hicho ni cha lazima. Kikiwa na unene wa mm 10, hizo kumi nazo ziingie kwenye hesabu. Ukisahau, umemnyanyua kila mtu mm 10 kwenye hatua ya kwanza.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoandikwa kwenye pembetatu iliyotundikwa ukutani.

Miguu haisomi vipimo, inasoma tofauti

Mtu hupanda ngazi kwa kukariri. Hatua mbili za kwanza mguu unapima, zinazofuata unarudia. Ndiyo maana ngazi yenye vidato vya 185 vyote sawa haimkwazi mtu, na ngazi ya 170 yenye kimoja cha 155 inamwangusha mgeni wa harusi.

Kanuni za ujenzi za wenzetu zinaliona hilo. Marekani, kwa nyumba za familia, kimo cha kidato kisizidi mm 196, lakini tofauti kati ya kidato kirefu na kifupi katika mfululizo mmoja isizidi mm 9.5. Angalia jinsi walivyolegeza kimo na kubana tofauti. Uingereza, kwa ngazi za ndani ya nyumba ya mtu, wanaruhusu kimo hadi mm 220, mradi mwinamo usipite nyuzi 42 na vidato viwe sawa.

Kanuni ya kuoanisha kimo na kikanyagio ni ya zamani zaidi. Mfaransa François Blondel, karne ya 17, alisema mara mbili ya kimo jumlisha upana wa kikanyagio ilingane na hatua ya mtu, inchi 24 za Kifaransa za enzi hizo, yaani karibu sm 65. Siku hizi wengi hulenga kati ya mm 600 na 640. Chukua 170 mara mbili, ongeza 280, unapata 620. Hizo ni ngazi ambazo bibi anapanda bila kushika kiuno.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiolezo ni kukataa tofauti. Kasi ni ziada tu. Fundi akisema "mimi sihitaji kiolezo, nina mkono mwepesi", amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Fito kabla ya penseli

Dawa ya lile jambo la Shangani haianzi kwenye kiolezo. Inaanza kwenye fito.

Chukua ubao mwembamba ulionyooka, mrefu kuliko kimo cha ghorofa. Usimamishe pale ngazi zitakapoanzia, uwe wima kwa timazi au pima maji. Weka alama ya sakafu ya chini *iliyomalizika*. Kama vigae bado, weka chini ya fito kipande chenye unene wa vigae na chokaa yake. Weka alama ya sakafu ya juu iliyomalizika vilevile. Kama sakafu ya chini ina mteremko kutoka mahali ngazi zinapoanzia hadi chini ya tundu la ghorofa, hamisha usawa kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, usipime tu wima chini ya tundu. Sakafu ya mita nne inaweza kushuka mm 15 bila mtu kuona.

Sasa gawa. Tuseme umepata mm 3,060. Ukigawa kwa 18 unapata 170 kamili. Ukipata 2,950, gawa kwa 17 upate 173.5, au kwa 18 upate karibu 164. Chagua moja, halafu weka alama zote kwenye fito kwa bikari iliyofunguliwa kwa kipimo hicho. Tembeza bikari kutoka chini hadi juu. Isipoangukia juu ya alama ya mwisho, irekebishe kidogo na urudie. Bikari haijui desimali, na hapo ndipo uzuri wake.

Fito hiyo sasa ndiyo nyumba. Kimo cha kipumziko kinachukuliwa kwenye alama ya 9, na fremu ya kipumziko inashushwa chini ya alama hiyo kwa unene wa mbao zitakazolazwa juu yake. Kila kitu kingine kinapimwa kwa fito, na futi kamba inarudi mfukoni. Hasa ile ambayo upande mmoja ni inchi na mwingine ni milimita: mmoja anasoma huku, mwenzake anakata kwa upande ule, na inchi 7 ni mm 178, siyo 170.

Kwa nini kipumziko katikati? Mara nyingi ni mbao zinazoamua. Kwa vidato 18 moja kwa moja kuna vikanyagio 17, na ubavu wake kwenye mshazari unadai zaidi ya mm 5,560. Hata ubao wa futi 18 haufiki. Ukigawanya mara mbili, kila ubavu unahitaji mm 2,620 na kidogo cha miisho, na futi 12 inatosha na kubaki. Nani atakuuzia mninga ulionyooka wa futi 20 huku Lindi au Mtwara, na kwa bei gani?

Pembetatu yenyewe

Plaiwudi ya mm 9 au 12. Tumia kona ya kiwandani ya karatasi, lakini usiiamini kabla ya kuijaribu: weka kona kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana, kona si nyuzi 90, na kosa lake ni nusu ya mwachano unaouona.

Pima 170 upande mmoja, 280 upande wa pili. Chora kwa kisu. Mstari wa penseli una upana, na upana huo utaurudia kila mara. Kata nje ya mstari, malizia kwa randa. Upande mrefu wa mshazari usome mm 327.6. Kwenye upande huo funga kiegemeo, ubao mnyoofu uliochomoza pande zote mbili za plaiwudi ili kiolezo kiweze kugeuzwa. Kiegemeo ndicho kinachokaa kwenye ukingo wa ubavu.

Watu hudhani baada ya hapo ni kuteleza na kuchora, kuteleza na kuchora. Hapo ndipo kiolezo sahihi kinapozaa ngazi mbovu kwa mara ya pili.

Kila ukiteleza unaanzia pale ulipoishia, na kila kuanza kuna kakosa kake. Nusu milimita mara nane ni milimita nne. Au umezungusha 327.6 ukaifanya 328: baada ya hatua nane uko 2,624, wakati ulitakiwa 2,620.5. Kwa hiyo kwanza weka alama zote kwenye ukingo wa ubavu ukipima kutoka sifuri moja: 327.6, 655.1, 982.7, 1,310.3, na kuendelea. Halafu peleka kiolezo kwenye kila alama. Kiolezo kinatoa umbo. Mahali pa umbo panatolewa na kipimo cha jumla.

Jambo la pili ni upande. Ubavu wa kushoto na wa kulia ni kama mtu na kivuli chake kiooni, si mapacha. Karakana ngapi zina ubavu wa kushoto uliobaki, umeegemezwa nyuma ya mlango, kwa kuwa ilikatwa miwili ya kushoto? Laza mbao zote mbili pamoja, uso kwa uso kwanza, andika KUSHOTO na KULIA kwenye nyuso za ndani, andika JUU kwenye mwisho wa juu, ndipo uzitenganishe uanze kuchora.

Ukikata mapengo, simamisha msumeno wa mashine kabla ya kufika konani na umalizie kwa msumeno wa mkono. Mkato uliopitiliza kona unaingia kwenye nyama iliyobaki, na nyama hiyo ndiyo inayobeba watu. Pengo la 170 kwa 280 linakula mm 145 za upana. Ubao wa inchi 10 unabaki na kama sm 10 tu; kwa ngazi ya upana wa mm 900 ongeza ubavu wa tatu katikati. Ubao wa inchi 12 unakuachia sm 15, na utasikia tofauti ukikanyaga.

Ngazi za mfuo, na dirisha la plaiwudi

Ngazi za mapengo ni rahisi. Zile za heshima, ambazo vikanyagio vinaingia kwenye mfuo, mtaro uliochimbwa ndani ya ubavu, na miisho yake haionekani, zinataka kalibu, yaani kiolezo cha kuongozea chombo. Mashine ya rauta hufuata dirisha lililokatwa kwenye plaiwudi, ikiongozwa na bushi ya duara inayozunguka biti, kile kisu kinachochimba.

Hesabu ya bushi ndiyo inayowachanganya wengi, ingawa ni fupi. Toa kipenyo cha biti kwenye kipenyo cha bushi, gawa kwa mbili. Bushi ya 30 na biti ya 16: inabaki 14, nusu yake 7. Dirisha liwe kubwa kuliko mfuo kwa mm 7 kila upande. Kwa kikanyagio cha mm 32, dirisha upande wa mbele ni 46. Kuelekea nyuma mfuo unapanuka taratibu hadi mm 50 au zaidi kidogo, na hapo dirisha ni 64. Upanuko huo ni nafasi ya kabari. Kabari inaingia kutoka nyuma, chini ya kikanyagio, na kukisukuma juu hadi uso wake ubane ukingo wa juu wa mfuo. Ukingo huo wa juu ndio macho yatakaouona miaka yote. Wa chini unaweza kuwa na kovu, hakuna atakayeujua.

Kina cha mfuo ni mm 12. Chimba kwa mara tatu, mm 4 kila mara. Mkongo ni mti mzito na biti ikisukumwa kwa nguvu inaunguza. Mvule una tabia ya kuficha vijiwe vya chokaa ndani yake. Biti nzuri inaweza kupoteza makali papo hapo. Na vumbi la mvule na la mninga linawasha pua na koo, hivyo kitambaa kisichobana mdomoni si kinga.

Kalibu hii nayo inageuzwa kwa ubavu wa pili, kwa hiyo viegemeo vyake vinahamishika: skurubu nne, mashimo pande zote mbili.

Hakuna rauta? Karakana nyingi za Masasi, Nachingwea na hata mjini hazina, na ngazi za mfuo zilijengwa kabla ya umeme. Chukua kipande cha mti mgumu kilichonyooka, kibane kwa klempu kwenye mstari, laza msumeno ukiegemea kipande hicho. Funga ubao mwembamba kwenye ubapa wa msumeno, mm 12 juu ya meno, uwe kizuizi cha kina. Kata pande zote mbili, toa katikati kwa patasi, sawazisha kitako kwa randa ya mfuo. Kipande hicho cha kuegemea ni kalibu vilevile.

Kinachoharibu mfuo mzuri kwa kawaida hakitoki kwenye mfuo. Ni mbao. Mbao zetu nyingi ngumu zimepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo au wa shimoni, na ubao unaoitwa inchi moja na nusu unaanza na mm 42 huku na kumalizia 36 kule. Mfuo wa 32 unataka kikanyagio cha 32. Tengeneza kipimo cha kupitishia: kipande cha plaiwudi chenye mwanya wa 32 kamili. Kila mwisho wa kikanyagio upite humo kwa kubana kidogo. Usiopita, upunguzie *chini*, sm chache za mwisho tu, kamwe si juu. Uso wa juu ndio unaobeba kimo.

Na kabari zitengenezee kalibu yake, ubao wenye pengo la umbo la kabari unaopitishwa kwenye msumeno wa meza, mti ukigeuzwa kila mkato. Mfululizo mmoja wa vidato tisa unahitaji 34: kumi na sita za vikanyagio vinane, kumi na nane za mbao za wima zinazoziba mbele ya vidato tisa. Kwa kisu na jicho utatengeneza 34 zisizofanana, na kila isiyofanana itasukuma kikanyagio chake kivyake.

Kuta za Mikindani

Hadi hapa nimeisifu kazi ya kukataa tofauti. Kilichonigeuza mawazo ni nyumba za zamani za Mikindani, zile za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene na zinavutia, na hakuna mbili zinazokwenda sambamba. Ngazi ikipita kati ya kuta mbili, upana chini ni 902, hatua ya nne 911, mbele ya kikanyagio ni tofauti na nyuma yake.

Hapa pembetatu ya ukutani haina la kusema. Ukikata vikanyagio vyote 900 vilivyo sawa, sawa kabisa, utabaki na nyufa ambazo utazijaza gundi na vumbi la msumeno, na masika moja zitafunguka.

Kinachotakiwa ni kalibu ya aina nyingine, isiyo na kipimo chochote chake. Ubao mnyoofu, mfupi kuliko nafasi kwa sm 15 hivi. Kila mwisho kuna kipande cha plaiwudi kilichofungwa kwa bolti mbili na nati za masikio, kupitia mianya mirefu ili kiweze kuteleza na kupinda. Laza mahali pa kikanyagio, sukuma vipande viguse kuta kwa urefu wote, kaza nati. Nyanyua, laza juu ya ubao wa kikanyagio, chora kwa kisu, kata. Msumeno ulale nyuzi mbili, mkato uingie ndani upande wa chini, ili ukingo wa juu uguse ukuta kwanza. Andika MBELE kwenye kalibu, uso wa juu. Ukiilaza kifudifudi utakata kikanyagio cha nyumba isiyokuwepo.

Kwa hiyo kuna vyombo viwili vinavyoitwa jina moja karakanani, na kazi zao zinapingana. Kimoja kinakataa tofauti, kingine kinazikamata. Kimo cha kidato ni cha kwanza. Ukuta ni wa pili. Fundi wa Shangani alikuwa na cha kwanza mkononi akakitumia mahali panapodai cha pili: pale ngazi zinapokutana na nyumba, chini na juu. Katikati ya ngazi ni mali ya kiolezo. Miisho ni mali ya nyumba.

"Mmakonde hachori"

Kuna hoja nyingine, nayo siidharau. Ukanda huu una wachongaji ambao hukabili gogo la mpingo bila mchoro, wanatoa kilichomo ndani kwa jicho na tezo. Mzee mmoja wa karakana atakuambia kiolezo kinamlemaza kijana: hajifunzi kuona nyuzi 90, anajifunza kutundika plaiwudi.

Nimelipima hilo mara nyingi. Kinyago hakidaiwi kifanane na jirani yake. Kikifanana kinapoteza thamani. Kidato kinadaiwa kifanane, na mguu haupokei sanaa. Lakini mzee ana haki kwenye jambo moja: kijana aliyefundishwa kutumia kiolezo kabla ya kufundishwa kukitengeneza hatajua kimeharibika lini.

Na kinaharibika. Plaiwudi iliyoachwa karibu na dirisha hapa pwani hufumuka ukingoni mvua za Desemba zikianza, na bushi ya rauta inapopita juu ya ukingo uliofumuka, mfuo unatoka na mawimbi. Paka kingo varnishi au gundi ya mbao iliyopunguzwa maji. Ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa, kwa huku kwetu ni kwa kalibu ya kazi moja tu. Mbao zenyewe pia ziachwe zizoee hewa ya nyumba: kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 80 mti hutulia na maji kama asilimia 16, na ukishuka hadi 65 hukaribia 12. Mninga hutulia vizuri kuliko mingi, na hiyo ndiyo sababu ya bei yake. Skurubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu, maana upepo wa chumvi huila ya kawaida ndani kwa ndani na kuacha doa jeusi kwenye mti.

Kona

Ngazi zikipinda bila kipumziko, vikanyagio vya kona huwa vyembamba upande mmoja na vipana upande wa pili, na hakuna viwili vilivyo sawa. Mara nyingi huwa vitatu. Je, kuna maana ya kiolezo kwa kitu kitakachokatwa mara moja?

Ipo. Kona ichorwe kwa ukubwa wake halisi sakafuni au kwenye karatasi nzima ya plaiwudi, kuta zikiwa zimehamishwa na ile kalibu ya nati za masikio. Chora njia ya mpandaji, mstari unaopita pale mtu anapotembea, na kwenye mstari huo upana wa vikanyagio uwe 280 uleule wa sehemu iliyonyooka. Upande mwembamba usiishie kwenye ncha. Acha angalau mm 50. Halafu kila kikanyagio kikatiwe kiolezo chake cha plaiwudi nyembamba, kijaribiwe mahali pake, kirekebishwe kwa randa, ndipo ubao wa mninga uguswe. Plaiwudi ya mm 4 ikiharibika, umepoteza kidogo. Kikanyagio cha kona kinataka ubao mpana au mbao mbili zilizounganishwa, na mkato mmoja mbaya unakula siku mbili.

Cha kutundika na cha kuchoma

Msimu wa korosho ukishalipa, maagizo yanakuja kwa mkupuo, kila mtu anataka kuhamia kabla ya mwaka kwisha, na hapo ndipo kiolezo cha nyumba iliyopita kinashushwa ukutani. "Si ni 170? Zote ni 170." Nyumba mpya ina kimo cha 2,950. Ukitembeza 170 mara 17 unafika 2,890, na mm 60 zinabaki kutafuta mahali pa kukaa. Zitakaa kwenye kidato cha mwisho.

Kwa hiyo siku hizi msimamo wangu ni huu. Kalibu zinazorekebishika zitundikwe: ile ya kuta, ya kabari, ya kuongozea msumeno, kipimo cha kupitishia. Hata ya nguzo ndogo za mkono wa ngazi, ubao wenye mashimo mawili kwa kila kikanyagio, mm 140 kati kwa kati. Kwa nguzo za 45 inaacha mwanya wa 95, na mtoto hapenyezi kichwa.

Pembetatu na fito ni za nyumba moja. Ziandikwe kwa kalamu isiyofutika: nyumba gani, kimo cha jumla kutoka sakafu iliyomalizika, idadi ya vidato, unene wa kikanyagio, na mm ngapi zimepunguzwa chini ya ubavu. Zikae hadi mwenye nyumba ahamie, kwa sababu kikanyagio kinaweza kupasuka na kutaka mwenzake. Baada ya hapo plaiwudi ya mm 12 inawasha jiko la mkaa vizuri sana.